Shavu la Kushoto la Shadya

Nyumba ya Mwamvita pale Mafiga haikuwahi kuzoea mlango wa kufungwa. Mwenyewe anapika na kuuza chakula barazani, na anayekuja kula wali kwa samaki huondoka na habari za mtaa mzima bila kuongezewa bei. Ndiyo maana watu waliacha kutafuna siku dirisha la chumba cha Shadya lilipofungwa mchana kweupe, likazibwa na kanga mbili kwa ndani, na pale kanga zilipoachana ukaonekana mwanga wa buluu.

"Mwamvita, humo ndani umeweka gari la polisi?" mteja mmoja akauliza.

"Kula, wali unapoa," Mwamvita akamjibu.

Sehemu ya kwanza ya habari mtaa ulikuwa unaijua. Shadya, binti yake wa pekee, miaka ishirini na moja, chunusi zilikuwa zimemkamata. Zilianzia kidevuni kama mzaha, zikapanda mashavuni, nyingine zikatoa vichwa vyeupe, nyingine zikabaki chini ya ngozi ngumu kama punje ya mtama. Shadya alikuwa anasomea mambo ya hoteli, na chuo kilikuwa kimempangia mafunzo kwa vitendo katika hoteli moja ya mjini, kitengo cha mapokezi. Barua ilisema aripoti Jumatatu. Asiporipoti siku hiyo, nafasi anapewa mwingine. Na asiyefanya vitendo hapewi cheti, miaka miwili ya karo inakwenda na maji. Shadya aliisoma barua, akaenda kwenye kioo, akarudi, akasema haendi.

"Mapokezi, mama! Mgeni anaingia, kitu cha kwanza kukutana nacho ni uso huu. Wangenipanga jikoni ningekwenda."

"Uso huu una nini?"

"Mama, usinifanye kipofu."

Mwamvita alimbembeleza, akamfokea, akanuna siku mbili, akaacha kununa kwa sababu alishindwa kukaa na umbea bila kumhadithia mtu. Shadya hakubadilika. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja Winfrida alipoingia na begi lake.

Winfrida na Mwamvita walikaanga vitumbua pamoja enzi za ujana. Mwamvita alibaki kwenye jiko, Winfrida akaingia kwenye biashara ya kwenda Kariakoo na kurudi na vitu: wigi, mikanda ya kubana tumbo, mabirika ya umeme. Siku hiyo, Alhamisi jioni, alitoa kitu cheupe chenye umbo la uso wa mtu, matundu mawili ya macho, kilichojaa vitaa vidogovidogo kwa ndani kama mbegu za boga.

"Hii inaitwa maski ya taa," alisema. "Dar huko wanawake wenye uwezo wanazo nyumbani. Taa ya buluu inaua vijidudu vya chunusi, nyekundu inatuliza uvimbe. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni. Ila sikiliza, shoga yangu, asitoke juani. Jua linaharibu kazi yote."

"Nani kasema?"

"Karatasi imesema."

Karatasi ilikuwa ya Kichina mbele na nyuma, na picha ya mwanamke anayetabasamu macho yamefumbwa. Bei Winfrida alimnong'oneza sikioni, na Mwamvita akajikuta amekalia ndoo ya maji.

"Tulia! Nakuachia siku kumi bure. Ikifanya kazi, unanunua. Isipofanya, unanirudishia, na ushoga wetu uko palepale. Nani mwingine mjini hapa anakupa hivyo?"

Judith, mpangaji wa chumba cha uani, alikuwa anaanika nguo. Yeye anauza kwenye duka la dawa karibu na soko na maneno yake huwa machache, lakini hapo alishindwa.

"Mama Shadya, siku kumi ni sawa na kufunua sufuria ya maharage kabla maji hayajachemka. Taa hizi zinawasaidia watu wengine, hasa wenye vile vipele vidogo vyekundu, na hao nao husubiri wiki nane, kumi na mbili. Hizi ngumu za chini ya ngozi ni za kumwona daktari wa ngozi. Mimi ningeanza na dawa ya kupaka. Haifikii hata robo ya hiyo bei."

"Judith mwanangu, wewe si unauza dawa?" Winfrida akamkata. "Lini umesikia muuza sufuria akasifia chungu?"

"Na wewe si unauza mashine?"

Mwamvita alimtazama huyu, akamtazama yule. Wote walikuwa na akili, na wote walikuwa na cha kuuza.

Shadya ndiye aliyenyoosha mkono akaichukua. "Nitaitumia," alisema. "Uso ukibadilika, naenda Jumatatu. Usipobadilika, msiniulize tena."

Basi hapo mambo yakawa wazi kwa kila mtu: siku kumi, shavu na cheti.

"Kama mmeamua, angalau mpime vizuri," alisema Judith. "Zibeni nusu ya taa. Shavu moja lipate mwanga, jingine lisipate. Sabuni ileile, maji yaleyale, na asipake kitu kingine chochote. Siku ya kumi tunalinganisha."

Hilo lilimpendeza hata Winfrida. Wakamketisha Shadya kwenye kigoda mbele ya taa ya barazani, Judith akahesabu kwa ncha ya kalamu na kuandika nyuma ya bahasha ya dawa: kushoto kumi na tisa, kulia kumi na saba. Wakakubaliana kushoto kupate taa. Taa za kulia wakaziziba kwa kipande cha nailoni nyeusi na gundi ya karatasi. Kesho yake, Ijumaa, dirisha likafungwa.

Kwa kuwa hakutakiwa kutoka juani, chakula alipelekewa kwa sinia lililofunikwa kawa. Akienda bafuni alijitanda kanga kichwani hadi puani, anapita uani kama upepo. Wateja wa Mwamvita waligawanyika kama watu wa mpira. Kulikuwa na chama cha Kushoto na chama cha Kulia, na kila siku mchana mtu alipaza sauti kuelekea dirishani, "Shadya! Leo timu gani inaongoza?"

Mwamvita alikuwa anaingia kutazama kila asubuhi. Siku ya tatu aliona kama kushoto kumepungua. Siku ya nne akaona kama ni kulia. Siku ya tano akaona zimeongezeka kote, akatoka akakuta amevaa miwani ya Judith.

Siku ya sita ndipo aliposikia harufu. Aliingia chumbani na sinia, akasimama, akavuta pumzi. Ilikuwa liwa, liwa hasa, ile ya kusugua juu ya jiwe.

"Shadya, hii harufu ya maharusi inatoka wapi?"

Shadya akatazama ukutani. Mwanaheri, dada mkubwa wa Mwamvita, mjane aliyekuwa akiishi nao, alikuwa amekaa kitandani kwa Shadya na kibakuli mapajani. Hakupata hata muda wa kukificha.

"Dada!"

"Mimi nimepaka hili la kulia tu," alisema Mwanaheri. "Tangu siku ya pili. Mnalimulikia moja na kuliacha jingine kama mtoto wa kambo? Roho yangu ilikataa."

"Tulisema asipakwe kitu!"

"Liwa si kitu. Liwa ni liwa."

"Halafu mimi," Shadya akaongeza kwa sauti ndogo, "nikaona la kulia linakuwa laini. Nikamwomba anipake na la kushoto. Toka juzi."

Mwamvita akafungua mdomo ili awagombeze wote wawili, kisha akaufunga. Alikumbuka kwamba Jumapili mchana, Shadya akiwa amelala, yeye mwenyewe alikuwa ameingia na jani la shubiri kutoka kwenye kopo la mlangoni akampitishia usoni. Na tena jana. Pande zote mbili au moja? Chumba kilikuwa na giza la kanga, alipapasa tu. Zaidi ya hayo, tangu Ijumaa alikuwa hampi tena karanga wala vya kukaanga, bila kumwambia mtu.

Alilazimika kumweleza Judith. Judith alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani yake akaifuta.

"Haya. Nailoni bado ipo kulia?"

"Ipo," alisema Mwamvita. Halafu akasita. "Jana niliifuta mashine. Gundi ilikuwa imeachia, nikaibandika upya."

"Upande wa kulia?"

"Wa kulia."

"Kulia kwa mashine ikiwa inakutazama, au ikiwa usoni kwa Shadya?"

Mwamvita akainua mikono miwili mbele yake, akaigeuza, akaivisha mashine hewani, akaivua, akageuka yeye mwenyewe akaupa ukuta mgongo. "Ngoja," alisema. Akageuka tena. Mwanaheri akasimama nyuma yake, naye akainua mikono. Hawakuelewana. Mwisho Judith alikwenda chumbani kuangalia, akarudi akasema nailoni sasa iko kushoto, kwa hiyo tangu jana shavu la kulia ndilo lenye taa. Ila kama Mwamvita aliifuta kabla ya kipindi cha asubuhi au baada, hilo Mungu ndiye anajua.

"Sasa tunafanyaje?"

"Sasa nakwenda kazini, mama Shadya."

Mchana wa siku hiyo hiyo Castory alisimamisha lori lake la kabichi barabarani. Ni dereva wa kushusha mboga kutoka Mgeta, kule mlimani, kwenda Dar, na kituo chake cha kula ni kwa Mwamvita, kwa kuwa kaka yake Mwamvita, Rehani, ndiye mmoja wa wakulima wanaompakilia mzigo. Alikula huku macho yakizunguka. Aliona dirisha lililofungwa. Aliona sinia likiingizwa ndani na Mwanaheri, limefunikwa vizuri kwa kawa. Alimwona Shadya akikatiza uani, gubigubi ndani ya kanga. Upepo ukamletea liwa.

"Shadya siku hizi hatoki?" aliuliza.

"Yuko ndani," alisema Mwamvita, mawazo yake yakiwa bado kushoto na kulia.

"Kuna mtu anamhudumia?"

"Mama yake mkubwa yupo naye."

"Aa. Anatoka lini?"

"Jumatatu, Mungu akipenda."

Castory akatabasamu hadi jino la mwisho, akanawa, akasema "Mungu ni mkubwa," akaondoka. Mwamvita alishangaa kidogo dereva wa kabichi kuguswa hivyo na chunusi za watu.

Siku ya saba Judith alirudi na jambo moja ambalo alikuwa amehakikisha kazini: hizo taa hazigombani na jua. Shadya angeweza kukaa uani, barazani, popote. Mwamvita alikimbilia chumbani na habari hiyo kama mtu aliyeokota pochi.

"Fungua dirisha, mwanangu! Siyo lazima ukae gizani."

Shadya alikuwa amelala chali, mashine usoni, buluu ikimvuja kwenye mashimo ya macho.

"Niache nimalize siku zangu, mama."

"Lakini si nakwambia jua halina..."

"Nimesikia."

Mwamvita akakaa pembeni ya kitanda. Sasa alielewa kitu, na alitamani asingekielewa. Mtoto hakuwa anaogopa jua. Alikuwa anahesabu siku zilizobaki kabla ya mtu yeyote kumtazama, na mashine ya Winfrida ilikuwa imempa sababu nzuri ya kuzihesabu akiwa amefunikwa.

"Usiwaambie wa mlimani," Shadya alisema kutoka ndani ya mwanga. "Mjomba na wenzake. Wakijua wataniita Shadya Chunusi mpaka nizeeke."

"Simwambii mtu."

Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Mwamvita alimaanisha.

Jumapili, siku ya kumi, saa tatu asubuhi, alikuwa anachambua mchele aliposikia lori. Castory huwa hapiti Jumapili. Na Castory huwa habebi ngoma. Lakini ngoma ilikuwa inalia, tena si moja, na juu yake vigelegele. Lori likageuka kona likiwa na wanawake wa Mgeta wamesimama nyuma, masweta ya baridi ya mlimani yakiwa yamefungwa viunoni, karoti na kabichi miguuni mwao. Mbele, kando ya dereva, alikaa Rehani na koti lake la shughuli.

Wanawake walishuka wanaimba. Rehani hakushuka. Mwamvita alikwenda kwenye mlango wa lori, ungo bado mkononi.

"Kaka, karibu. Kuna nini?"

"Unaniuliza mimi?" Rehani akatazama mbele, kwenye kioo. "Mimi ni nani kwa Shadya?"

"Mjomba wake."

"Mjomba wake. Tumbo lililomzaa Shadya na lililonizaa mimi ni ukoo mmoja. Haya. Mpwa wangu anawekwa ndani, anapakwa liwa, analishwa kwa sinia, na kutolewa ni Jumatatu. Na mimi habari naipata kwa dereva wa kabichi, nikiwa nimeshika gunia! Hata posa sikuiona."

Mwamvita akamtafuta Castory kwa macho. Castory alikuwa ameinama anakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo.

"Kaka, hakuna posa. Hakuna harusi."

"Hakuna harusi," alirudia Rehani. Akashuka sasa, polepole. Ngoma zikanyamaza. "Mtoto hayuko ndani?"

"Yuko ndani."

"Hajapakwa liwa?"

"Amepakwa."

"Basi yuko ndani kwa ajili gani?"

Hapo Mwamvita akakwama. Neno lilikuwa kwenye ulimi, dogo tu, lakini alikuwa ameahidi. Wateja wa Jumapili walikuwa wanajua kila kitu, lakini walikuwa wameshasimama na vikombe vyao vya chai, hawataki utamu ukatike. Majirani walikuwa wameota ukutani kama uyoga. Mwamvita ambaye angeweza kukuhadithia ndoa ya mtu asiyemjua kuanzia uchumba mpaka talaka, aliinamia ungo wake akaanza kuchambua mchele upya.

Mwanamke mmoja nyuma akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Atakuwa ameharibikiwa. Ana mimba, wanamficha."

"Umemwoza kimyakimya," Rehani alisema, "au ni hilo wanalolisema. Niambie lipi, niwajibu vipi watu niliowashusha mlimani."

"Kaka, siwezi kusema."

"Huwezi?"

"Siyo langu la kusema."

Minong'ono ikavimba. Mtu akasema jina la kijana wa duka la simu. Mwingine akasema si huyo, ni mwalimu. Ndani ya dakika moja Shadya alikuwa ameshapewa wanaume watatu na mapacha.

Mlango wa chumba ukafunguka.

Shadya alitoka na gauni la kushindia, bila kanga. Mashine alikuwa ameisukuma juu ya paji la uso na hakukumbuka kuizima, kwa hiyo vitaa vya buluu vilikuwa vinawaka kichwani kwake. Watoto wawili walipiga kelele wakakimbilia nyuma ya lori. Alipita katikati ya watu, jua la saa tatu likimpiga mashavu yote mawili, akasimama mbele ya mjomba wake na kukunja goti.

"Shikamoo, mjomba."

"Ma... marahaba."

"Mama hajaniozesha. Na sina mimba. Nina chunusi."

Rehani akamtazama. Akamtazama na kile kilichokuwa kikiwaka.

"Chunusi?"

"Hizi hapa. Nilikuwa sitaki zionekane. Nikamkataza mama asiseme. Sasa msimseme yeye."

Chai ya mtu ikamwagika.

"Nimeshusha ngoma tatu," Rehani alisema taratibu, "wanawake ishirini na sita na kabichi za kulisha msiba wa chifu. Kwa chunusi?"

"Ndiyo, mjomba."

"Za ukoo hizo!" akapaza sauti mama mmoja mnene, mke wa Rehani. "Mtazameni mjomba wake. Nilipoolewa naye nilidhani ameanguka kwenye changarawe."

Lori zima lilicheka. Rehani akajishika shavu, na Mwamvita, aliyelala kitanda kimoja na kaka yake huyo utotoni, akaona kwa mara ya kwanza vishimo vilivyojaa pale, vya miaka mingi. Shadya naye aliviona. Alikuwa anavitazama waziwazi, kama mtu anayesoma bei.

"Ziliniisha nina watoto wawili," Rehani alisema akijaribu kuwa mkali. "Na sikuvaa taa."

Shadya alidhani yameisha. Akageuka kurudi chumbani. Mwanaheri alikuwa amesimama mlangoni, miguu imepanuka, mikono kwenye miimo.

"Unakwenda wapi?"

"Ndani, mama mkubwa. Siku ya kumi haijaisha, bado kipindi cha jioni."

"Mwali akishatoka mbele ya ngoma harudi ndani. Haijawahi kutokea, na haitaanzia kwenye nyumba niliyomo."

"Lakini mimi si mwali!"

"Umekaa ndani siku kumi. Umepakwa liwa, nimekupaka mimi mwenyewe. Umelishwa kwa sinia. Mjomba wako amekuja na ngoma, na umetoka mbele yake. Kwani mwali ana pembe? Rehani, nimekosea?"

Rehani alifikiri. Alikuwa amekuja kutoa mwali, na koti alikuwa ameshalivaa. "Hujakosea," alisema. "Pigeni."

Wakapiga. Wanawake wa Mgeta hawakushuka barabara ile ya makona kuja kutazamana. Walimzunguka Shadya uani, wakamvua ile mashine kichwani, wakampa mtandio wa mtu, wakamcheza mpaka vumbi likapanda. Mwanzoni alikuwa ameinamisha uso. Kisha ikambidi atazame miguu ya wenzake ili wasikanyagane, kisha akacheka, na wateja wa Mwamvita, Kushoto na Kulia, wakaacha chai wakaingia.

Mchana walipokaa kula kabichi za mwali asiye na mume, Judith alitoa bahasha yake. Alihesabu juani: kushoto kumi na mbili, kulia kumi na moja.

"Zimepungua!" alipiga kelele Winfrida, ambaye alikuwa amekuja mbio aliposikia ngoma.

"Zimepungua kote," alisema Judith. "Penye taa na pasipo na taa. Na hatujui pasipo na taa ni wapi."

Castory alihesabu akapata kumi na nne. Mke wa Rehani akapata tisa, akasema zile nyingine ni jasho. Wanawake wa mlimani, ambao hawakuwahi kuuona uso huo ukiwa na chunusi kabla ya siku hiyo, waliapa kwamba mashine ni kiboko, na wawili wakamvuta Winfrida pembeni kuulizia. Wateja wa Mafiga, waliokuwa wakiuona kila siku hadi dirisha lilipofungwa, wakasema hakuna kilichobadilika. Mwanaheri alisema ni liwa. Judith alisema chunusi nazo hupanda na kushuka zenyewe, na daktari wa ngozi yupo Jumatano. Mwamvita alimshika mwanawe kidevu, akamgeuza huku, akamgeuza kule. Aliona Shadya ametokwa na jasho, na kwamba anataka kuachiwa akaongeze wali. Zaidi ya hapo hakuona kitu anachoweza kukiapia.

"Kesho je?" alimuuliza kwa kunong'ona. "Tulisema uso ukibadilika."

Shadya akatazama uani, watu thelathini na ushee wenye vinywa vilivyojaa.

"Nani mwingine amebaki wa kunishangaa, mama?" alisema. "Nipigie pasi sare."

Wageni walilala palepale, na Jumatatu asubuhi Rehani alisema mwali hutolewa na mjomba na hukabidhiwa na mjomba, asibishiwe. Shadya aliomba kitu kimoja: lori lisimame kona ya mbali na hoteli. Lilisimama hapohapo pembeni ya kona, na ngoma zikanyamaza kwa hiari hadi alipoingia getini, ndipo kigelegele kimoja kikamponyoka mtu.

Winfrida alikuwa barazani mapema, mashine imeshafutwa na kuwekwa kwenye boksi lake, boksi liko mapajani.

"Siku kumi zimekwisha, shoga. Mtoto kaenda kazini. Unanunua?"

"Winfrida, sijui kama inafanya kazi."

"Kaenda kazini!"

"Kaenda."

"Sasa?"

"Sasa sijui kilichompeleka. Hata ukiniuliza kwa haki ya Mungu, siwezi kukutajia. Jumatano nampeleka kwa daktari. Yeye akisema ninunue, nakuja kwako kwa miguu. Mpaka hapo, chukua."

Winfrida alivuta mdomo, lakini hakuondoka. Kulikuwa na chapati. Judith akapita kwenda kazini, akaacha kitubu kidogo cha dawa ya kupaka juu ya meza, akasema awe anapaka kidogo tu, mara moja kwa siku, na liwa ipumzike. Mwanaheri alinuna.

Saa nne na nusu simu ya Mwamvita ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Shadya. *Mama nimepokea mgeni wa kwanza. Kaniuliza kama maji ya moto yapo.*

Mwamvita aliusoma, akauinamia akausoma tena polepole, akilitafuta shavu humo ndani, la kushoto hata la kulia.

"Kasemaje?" Winfrida akauliza. "Kasema nini cha uso?"

"Kasema..." Mwamvita akaitazama simu tena. "Kaulizwa kama maji ya moto yapo."

"Yapo?"

"Hajasema."